Diwani Ameitikia

Iguana hafugwi kwa mapenzi, hufugwa kwa joto. Dobi alilijua hilo siku ile ile mpwa wake alipopanda ngazi na sanduku la mbao begani, akalitua chini ya dirisha, akahema.

"Mjomba, kwako mvuke haukatiki kutwa. Huyu atadhani yuko kwao."

"Kwao wapi?"

"Mbali. Hata yeye mwenyewe hapajui."

Mpwa alikuwa fundi wa lifti. Mnyama huyo alimkuta ndani ya lifti iliyokwama katikati ya ghorofa mbili, kwenye jengo ambalo wapangaji walikuwa wakihama. Alipoifungua milango kwa nguvu hakukuta mtu, ila mjusi wa kijani mrefu kama mkono wa mtu mzima, mkia mbali, amejikunyata kwenye kona akitazama juu. Aliulizia jengo zima; hakuna aliyekiri kumjua. Akamchukua. Na kwa kuwa kila alipoambiwa neno mnyama aliitikia kwa kichwa, polepole, kwa heshima zote, kisha asifanye lolote, fundi akampa jina la Diwani.

Nyumba yao ilikuwa nyembamba kama kitabu kilichosimamishwa rafuni. Chini palikuwa na duka: meza ndefu ya kupigia pasi iliyovishwa blanketi kuukuu, pipa la kulowekea, kamba zilizolemewa na mashati ya watu. Juu, kwa ngazi za mbao, palikuwa na vyumba viwili, kimoja cha Dobi na kingine cha dada yake mkubwa, mama mzazi wa fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Fundi. Dobi hakuoa. Au alioa pasi, kama alivyopenda kusema Kinyozi wa mlango wa pili.

Kinyozi huyo ndiye aliyefika wa kwanza kumwona mgeni. Alisimama mbali, mikono nyuma.

"Dobi, umeamua kufuga kenge?"

"Si kenge. Ni iguana."

"Ahaa. Kenge mwenye pasipoti." Akacheka peke yake. "Wanasema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Haya, kenge tumemwona. Mamba umewaficha wapi?"

Diwani akaitikia kwa kichwa. Kinyozi akaacha kucheka.

Kizimba kilijengwa kwenye chumba cha Mama Fundi, ukuta mzima, kwa sababu chumba hicho kilikaa juu kabisa ya meza ya pasi na sakafu yake haikupoa hadi usiku. Fundi aliweka gogo la kupandia, ubao wa kuotea joto, na balbu mbili, moja ya kuchoma mgongo na moja ya kutoa mwanga ule ambao jua lingempa bure. Kisha akawafundisha wazee wake. Asubuhi apewe majani mabichi yaliyokatwakatwa na boga la kukwaruza, na juu yake unga wa maganda ya mayai ili mifupa isilainike. Nyama asipewe, hata akikukazia macho, maana figo zake haziiwezi. Aogeshwe kwenye beseni la maji vuguvugu, na wasishangae akijisaidia humo humo. Anyunyiziwe maji kila siku. Kwa hilo Dobi hakuhitaji somo, chupa yake ya kulowanisha kola ilifanya kazi zote mbili. Akijivua ngozi, itatoka vipande vipande kama rangi ya ukuta wa zamani. Asivutwe, ila vidole vikaguliwe, kwani ngozi ikikaza pale kidole hufa.

"Na msimshike kutoka juu hata siku moja," alimaliza. Akaonyesha utosini mwa Diwani, kwenye kigamba kimoja cha rangi ya maziwa. "Mnakiona hiki? Ni jicho."

"Jicho la nini naye anayo mawili?" mama yake akauliza.

"La kutazama juu. Lakini halioni sura, mama. Linaona kivuli tu. Mwewe akipita angani, yeye ameshajua."

Baadaye fundi akapata mkataba wa kufunga lifti kwenye minara ya nchi ya mbali. Akaondoka na mkoba wa spana na shati alilopigiwa pasi na mjomba wake. Diwani akabaki.

Ndipo Dobi alipoanza kuona jambo lisilompendeza. Mchana mweupe, mnyama ametulia juu ya ubao wake, ghafla alijibana chini akawa bapa kama soli ya kiatu, kichwa kimeinama upande, kile kigamba cheupe kimeelekea darini. Alikaa hivyo mpaka hicho alichokihisi kimalize kupita. Mwewe hakuwamo chumbani, wala nzi. Dobi alipanda juu ya kiti, akatoa ubao mmoja wa dari, akachungulia kwa tochi. Aliona vumbi na kiota cha nyigu kilichokauka zamani.

"Hakuna kitu," alimwambia dada yake.

"Labda anaota."

"Macho wazi?"

"Wewe mbele ya meza yako huoti macho wazi?"

Dobi alicheka, na Mama Fundi naye akacheka, kwa kuwa enzi hizo fundi alipiga simu kila Jumapili na nyumba ilikuwa na nafasi ya kicheko. Mama alikuwa na mazoea ya kuketi kwenye kigoda mbele ya kizimba, mgongo kwa mlango, akimlisha Diwani jani moja moja na kumsimulia mambo. "Mwanangu amekula leo?" aliuliza kwa mzaha. Diwani aliitikia, au hakuitikia, kama mjusi yeyote.

Jumapili moja simu haikuita. Iliyofuata, namba haikupatikana. Dobi alihangaika huku na huko mpaka akampata mtu wa kampuni, aliyemjibu kwa sauti ya kuchoka kwamba kijana aliondoka kwenye kazi siku nyingi, vitu vyake hakuviacha, na walikokwenda wenzake hakwenda. Basi. Mtu mzima, mwenye spana zake, amefutika kama doa la chai kwenye kitambaa cheupe, na hakuna aliyeona nani kaosha.

Mama Fundi hakulia. Alihamishia maswali yake yote kizimbani.

"Mwanangu yu hai?" aliuliza kila jioni. Mzaha ulikuwa umekwisha. Diwani alimtazama kwa jicho moja la dhahabu na hakutikisika. Jioni ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Kadiri mnyama alivyonyamaza ndivyo mama alivyosukuma sahani. Mabega yakamchongoka. Gauni alilolivaa miaka yote likaanza kumvaa yeye. Dobi, aliyezoea kumjua mtu kwa nguo zake, aliligusa gauni hilo wakati wa kulifua akaona jinsi lilivyobaki na nafasi, akaogopa kweli. Dada huyo ndiye aliyemlea. Hakuwa na mwingine.

Dawa aliigundua bila kutafuta. Alikuwa na pasi mbili, kubwa ya kazi na ndogo ya hariri, na hii ndogo aliing'arisha mpaka uso wake ukawa kioo. Jioni moja alipanda nayo mkononi, amesahau kuiweka. Akasimama mlangoni nyuma ya dada yake. Diwani akainua kichwa, akaona ndani ya chuma kile mjusi mwingine wa kijani akimtazama, akatandaza ngozi ya kidevuni kama pazia, akaitikia. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu, kwa kishindo cha dume mwenye mji wake.

Mama Fundi alikuwa ametoka tu kuuliza.

"Yu hai," alisema, na sauti ilimtoka kama ya msichana. "Mdogo wangu, umeona? Yu hai!" Na usiku ule alimaliza sahani.

Tangu hapo Dobi akawa na kazi ya pili. Kila jioni, baada ya kufunga duka, alipanda na pasi ndogo kwa kisingizio cha kuijaza maji juu, akasimama mlangoni, akasubiri swali, akageuza mkono kidogo tu. Diwani akaitikia. Mama akala. Gauni likaanza kujaa tena. Dobi alijua kwamba njia ya mwongo ni fupi, lakini alijiambia kuwa hii yake ina kona nyingi, huenda ikamfikisha mpaka siku simu itakapolia.

Ikaja siku ya vitambaa vya meza. Hoteli moja ilileta furushi zima la vitambaa vya karamu, vyote vya kutiwa wanga mpaka visimame kama kadi, vyote vya jioni ile ile. Saa za mchana waya wa pasi kubwa ukaungua. Dobi akashika pasi ndogo na kupambana nayo mpaka mwisho, jasho likimdondoka puani. Gari la hoteli lilipoondoka jua lilikuwa limeshashuka na yeye alikuwa amechelewa. Akapanda ngazi mbili mbili, pasi mkononi.

Mama Fundi alikuwa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, kimya. Dobi akajua ameshauliza, anasubiri. Akaugeuza mkono kama kila siku. Diwani akainuka juu ya miguu ya mbele, akatandaza kidevu, akaitikia mara tatu.

Mama Fundi akatoa sauti kama kitambaa kinachochanwa.

"Dada? Dada, kuna nini? Si ameitikia?"

"Ameitikia," alisema bila kugeuka. "Leo nimegeuza. Mtu ukimuuliza jambo moja kila siku, hukujibu kwa mazoea. Leo nimemuuliza, mwanangu amekufa?"

Dobi alibaki na pasi mkononi kama mtu aliyekamatwa na kisu. Alishuka, akaiweka pasi ndogo kwenye rafu ya juu, akaigeuzia ukutani. Kesho yake asubuhi alitengeneza waya wa ile kubwa, na hiyo ndogo akaiacha huko huko.

Mama Fundi alijilaza, akavuta shuka mpaka kidevuni. Chakula kilipanda na kushuka kama kilivyo. Maji aliyanywa kwa kulazimishwa. Alitoa nguo za mwanawe kabatini akazitandika kwenye kitanda, mikono ya mashati imekunjwa, na kumwambia mdogo wake azigawe kwa wenye haja. Kinyozi alikuja mpaka chini ya ngazi, akateremsha sauti. "Dobi, dada yako anamfuata mtoto. Usiponena naye leo, kesho utanena na ukuta." Naye Diwani, kwenye ubao wake, alikuwa akijibana na kutazama dari mara nyingi kuliko zamani.

Dobi alipanda na chai. Akaketi ukingoni mwa kitanda, kati ya mashati.

"Dada, nina neno. Aliyeitikia si yeye. Ni mimi."

Akamweleza yote: pasi, kioo, mlango, mkono. Hakujitetea. Alipomaliza aliinamisha kichwa akingoja kofi, kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Hiyo pasi naijua," alisema Mama Fundi.

"Unaijua?"

"Tangu siku ya pili. Kila ukija, taa ya kizimba inagonga chuma chako, doa la mwanga linarukaruka ukutani kama panzi. Nikasema moyoni, maskini mdogo wangu anavyohangaika. Nikala. Nilikula kwa ajili yako, wewe mtoto."

Dobi alihisi kifua kinafunguka. "Sasa kama unajua, mbona unajiua? Siku ile pia nilikuwa mimi! Sikusikia ulichouliza, nikageuza tu. Ni kosa langu, si habari."

Mama Fundi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejijua.

"Siku ile hapakuwa na doa."

Dobi alishuka chini haraka kuliko alivyopanda. Aliichukua pasi ndogo rafuni, akaigeuza. Uso wake ulikuwa wa kahawia tupu, umegandamana na wanga ulioungua wa vitambaa vya hoteli, mkavu, mnene kama ukoko wa sufuria. Alipitisha kidole. Haikuonyesha hata kivuli cha kidole hicho. Hakuna mjusi duniani ambaye angejiona mle.

Aliipandisha juu hivyo hivyo, akaielekeza kizimbani. Diwani aliitazama kama unavyotazamwa ukuta.

"Alimwitikia nani?" Dobi alinong'ona.

"Ndilo ninalolala nalo hilo," alisema dada yake. Alijiinua kwa viwiko. "Sasa muulize wewe. Bila pasi. Mimi nimeshauliza vya kutosha, labda amenichoka. Uliza kama yu hai."

"Dada, mjusi huyu. Anakula majani."

"Kama ni mjusi tu, unaogopa nini?"

Dobi akaiweka pasi chini. Akavuta pazia la dirisha ili kioo chake kisidanganye, akatupia kitambaa kioo cha kujitazamia cha dada yake, akasimama mbele ya wavu. Balbu ilinguruma kwa sauti ndogo. Chumvi nyeupe, ile iguana huitoa kwa chafya, ilikuwa imekauka puani mwa mnyama.

"Mpwa wangu yu hai?"

Diwani akafumba macho. Macho mawili, la kushoto na la kulia, taratibu, kama mtu aliyechoka. La utosini halina kope, likabaki wazi. Walisubiri mpaka chai ikaacha kutoa mvuke. Hakutikisika.

"Haya," Mama Fundi akasema. "Uliza lile jingine."

Dobi akafungua kinywa. Na kabla neno halijatoka, Diwani alifumbua macho, akajiinua juu ya miguu ya mbele, kidevu kikatanda polepole, rangi ya shingo ikaiva. Akatulia hivyo, kichwa juu, tayari. Hakumtazama Dobi. Alikuwa amekielekeza kile kigamba mahali palipo juu kidogo ya kichwa cha Dobi, hapo hapo nyuma yake, na Dobi alihisi nywele za kisogoni zikisimama moja moja.

Akafunga kinywa.

"Uliza!"

"Siulizi." Akageuka, akamshika dada yake mikono yote miwili. "Siulizi, dada, na wewe huulizi. Lisiloulizwa halina jibu. Mwanao hajarudi, hilo ndilo tunalolijua, na hapo ndipo tutakapokaa, mimi na wewe. Pabaya, lakini pana nafasi ya watu wawili. Humu chumbani hakuna tena atakayeuliza kitu. Hata saa ngapi."

Nyuma yao ubao ulilia kidogo, mnyama akishuka. Mama Fundi aliyatazama mashati kitandani, akavuta moja, akalikunjua mikono.

"Chai imepoa," alisema hatimaye.

"Nitaipasha."

"Uje na mkate. Na hizi nguo zirudi kabatini. Akirudi akizikosa, wewe ndiye utakayemjibu."

Dobi alitaka Diwani aondolewe, apewe mtu mwingine, popote. Walilijadili chini dukani, maana huko maswali yaliruhusiwa. Mama Fundi akakataa katakata: ni mnyama wa mwanawe, na mnyama hana kosa, wao ndio waliomsumbua. Kwa hiyo boga liliendelea kukwaruzwa, beseni kujazwa, vidole kukaguliwa. Ila juu watu waliongea kwa namna yao. Dobi aliingia na kusema, "Shikamoo, dada," akajibiwa "Marahaba," na kuishia hapo, kwa sababu yote yanayofuata kwenye salamu za watu huwa ni maswali. "Umelala vizuri," alisema, kama anayetoa taarifa. "Nimelala," aliambiwa. "Una njaa." "Ninayo."

Kinyozi aliwapandia siku moja na kifurushi cha majani mabichi, zawadi ya kenge.

"Hamjambo humu?"

Wote wawili waligeuka kwa pamoja wakatazama kizimbani. Kinyozi naye akatazama. "Mbona mnafanya hivyo? Kuna nini?"

Dobi alimkamata ukosi wa shati akamteremsha ngazi nzima.

"Nyumba gani hii, hata hujambo haijibiwi?"

"Ukiwa chini uliza utakavyo. Huko juu, sema tu."

Kinyozi hakupanda tena, lakini majani aliendelea kuyaleta, akiyaacha kwenye ngazi.

Siku hizi Mama Fundi hushuka dukani mchana kumsaidia mdogo wake, na gauni limejaa tena. Mchana mmoja walikuwa wakikunja mashuka ya zahanati. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja: kila mmoja hushika ncha mbili, wakalivuta likanyooka, wakakunja, kisha wakaendeana mpaka vidole vikutane. Duka lilikuwa tupu. Pasi zote mbili zilikuwa zimezimwa mezani, mbele ya macho yao.

Juu ya vichwa vyao wakasikia kucha zikitembea kwenye ubao, zikasimama. Kisha ubao ukalia, kama Diwani anapoitikia. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu, kwa kipimo, kwa heshima zote.

Chumbani hakukuwa na mtu. Dobi alimtazama dada yake juu ya ukingo wa shuka, na dada yake akamtazama yeye. Aliona midomo yake ikifunguka, akaona ikifungwa. Naye akafunga ya kwake.

Wakavuta shuka likanyooka, wakaendeana.